Kiu ya Mama Mkwe

Miaka ile ya themanini, wenzangu niliosoma nao chuo kikuu walipokuwa na vitambi na madereva, mimi nilikuwa na funguo za stoo ya sabuni. Nilikuwa msimamizi wa nyumba ya wazee, nje kidogo ya Malindi, kando ya njia ya kwendea Kakuyuni. Shahada yangu ilikuwa ya falsafa. Siku ya usaili mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa mwenye duka la misumari na mabati, aliniuliza kama falsafa inahusiana na mabomba ya maji. Nikamjibu kwamba falsafa inahusiana na kila kitu. Akaridhika. Tangu siku hiyo, kila bomba lilipoharibika, niliitwa mimi.

Nalo liliharibika daima. Maji ya mji yalikuja na rangi ya mto Sabaki, na miezi ya kiangazi, kabla ya masika, bomba lilikohoa upepo asubuhi nzima kisha likatema tope. Kisima chetu kilikuwa na maji ya chumvichumvi ambayo hata sabuni iliyakataa. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mkokoteni, yakamiminwa katika mitungi ya udongo iliyopangwa barazani, kivulini. Nilikuwa nikipita hapo nikiinua vifuniko na kuchungulia, kama mtu anayejua anachotafuta.

Wazee wetu walikuwa watu wasio na watu. Ndivyo kamati ilivyopenda kusema, na ndivyo tulivyoamini sote. Wengine walikuwa wamefiwa na kila mtu. Wengine walikuwa na watoto walioondoka wakasahau njia. Wengine walitoka vijiji vya ndani, ambako mvi zao zilikuwa zimeanza kusemwa vibaya kila mtoto alipougua, wakaona ni heri waondoke wakiwa wazima. Kulikuwa na Waislamu, Wakristo, na wasiokuwa upande wowote, nao wote walikuwa wakilalamikia ugali.

Aliyetufundisha kazi ni muuguzi wetu, mama wa makamo wa mji wa kale, mwembamba, mwenye buibui lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Alikuwa amefanya kazi hospitalini miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na wazee walimwita sista. Mimi aliniita mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha. Akikasirika aliniita bwana msimamizi.

"Mtu mzima kiu yake huzeeka kabla yake," aliniambia kiangazi changu cha kwanza. "Mwenyewe bado yupo, kiu ishaondoka. Ukingoja aombe maji, utakuja kumwosha."

Hakuwa akisema habari za kuoga. Watu wa mji wa kale hawapendi kulitaja jambo lile kwa jina lake.

Aliwakataza wahudumu kuuliza. Ukimwuliza mtu wa heshima kama atakunywa maji, atakujibu, "Nimeshakunywa mwanangu, ahsante." Wazee wale walikuwa wamelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hapokei kitu mara ya kwanza. Kwa hiyo maji hayakuulizwa. Yalitiwa mkononi, na aliyeyaleta alisimama hapo akizungumza habari za mbuzi, za mvua, za bei ya unga, mpaka kikombe kimekwisha. Nilikuwa sijapata kuona kazi inayochosha kama ile. Kubeba magunia kuna mwisho wake, lakini kumbembeleza mtu anywe, kisha ukageuka ukaanza upya kwa yule wa kwanza, ni kama kuchota bahari kwa kata. Mchana wa Februari, makuti yakipasuka kwa joto, niliwahi kusimama mbele ya babu mmoja nikamsimulia historia nzima ya Wayunani. Alikunywa kikombe chote. Nafikiri ili ninyamaze.

Na alitufundisha kutazama. Ngozi ya mkono wa mzee haisemi kweli, alisema. Ukiibana husimama hata kama mwenyewe amemaliza mtungi. Bana kipaji cha uso, au hapa chini ya koo. Tazama ulimi, kama una mifereji. Tazama macho, kama yamerudi ndani. Asubuhi tazama mkojo. Ukiwa mchache na una rangi ya chai ya turungi, usingoje jua lipande. Anayeinuka akashika ukuta, mkalishe umpe maji. Anayeanza kusema mambo ya ovyo, usiseme ni uzee wala usiseme ni pepo mpaka umnyweshe kwanza. Kisha alikuwa akiingiza vidole vyake kwapani mwa wazee, maana kwapa likikauka, mtu amekauka.

"Sista unanitekenya," alikuwa akilalamika mzee mmoja aliyemaliza ujana wake akifanya kazi ya chumvi Marereni. "Mimi niache. Mimi nimeshakauka kama samaki wa chumvi, nimekuwa ng'onda, na ng'onda haiozi."

"Ng'onda huliwa na paka," alimjibu. "Kunywa."

Sasa nije kwa bibi yangu.

Hakuwa bibi yangu kwa kuzaliwa. Siku nilipofika pale kuanza kazi, nimevaa tai, mwanamke mmoja mrefu, mpana wa mifupa, aliyekuwa ameketi kitandani kwa sababu nyonga ilikuwa imevunjika ikaunga vibaya, aliniita kwa kidole. Akaniuliza mama yangu ni mtu wa wapi. Nikamwambia alizaliwa Kakuyuni. Wa mbari gani? Nikamtajia. Na bibi mzaa mama, wa mbari gani? Hapo nilibabaika, nikataja kwa kubahatisha. Alifumba macho akazunguka kichwani mwake boma moja hadi jingine, kisha akayafumbua.

"Basi wewe ni mjukuu wangu. Karibu, mume wangu. Umechelewa kuja, na kichwa kimeshaanza upara."

Asiyejua desturi zetu za huku asishangae. Bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu mumewe na kumtukana atakavyo, na mjukuu hana ruhusa ya kuudhika. Nikawa nimepata mke mwenye umri wa mama yake mama yangu. Kila asubuhi nilipopita na funguo zangu alikuwa na neno. Kuhusu tai yangu aliuliza kama ni kamba niliyofungwa ili nisipotee njia. Kuhusu miwani yangu aliuliza kama inaona na wake za watu. Nilipolima kitalu cha mchicha karibu na dirisha lake kikakauka, alisema kwamba hata majani yamekataa kusomeshwa.

Alikuwa na jambo moja asilolikubali, nalo ni chombo cha haja cha kitandani. "Mimi si mtoto," alisema, na maneno yakaisha. Alitaka kupelekwa chooni, nyuma ya nyumba, kwa njia ya mchanga. Tulikuwa na kiti cha magurudumu kilicholetwa na wafadhili kutoka ng'ambo, kizuri, kinang'aa, na kila tulipokitoa barazani kilizama mchangani mpaka kwenye ekseli. Kwa hiyo alibebwa. Wahudumu wawili wa kike walimbeba wakipokezana naye matusi, wakaenda naye na kurudi, na mambo yalikwenda vizuri hata mmoja wao alipokaribia kujifungua, akaenda kwao.

Ndipo tukamwajiri mwanamume. Alikuwa mtu wa makamo ya chini, baba wa watoto, mwenye kifua cha mpasua mbao na sauti ya mtu anayeomba radhi. Muuguzi alimpenda mara moja, maana aliweza kumwinua mzee peke yake na kumweka kitini bila mzee kugutuka. Mimi nilimpenda zaidi, kwa kuwa mgongo wangu ulikuwa haujawahi kubeba kitu kizito kuliko kamusi. Siku yake ya kwanza alipita kila kitanda akasalimu, akauliza mtu ni wa wapi, wa mbari gani, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya. Niliona jambo zuri lile. Sikuona kwamba alipotoka kwa bibi yangu alikuwa amebadilika uso.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Bomba lilinyamaza kabisa, hata kukohoa likaacha. Tulikuwa tumechoka sote. Mpishi alikuwa akilala amesimama, na wale nzi wa mchana walikuwa kama wamelipwa. Katika uchovu ule kitu cha kwanza nilichokigundua kuhusu bibi yangu kilinipendeza. Nilipita na funguo, akaniambia, "Habari ya asubuhi, bwana." Nikajibu nikaenda zangu, nikifurahia amani. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata nilikuwa nimevaa shati lililopasuka kwapani, akalitazama, akageuza uso ukutani.

Nilimtajia muuguzi kama mzaha, tukiwa barazani. Akaweka chini kata aliyoshika.

"Hajakutukana?"

"Ananiita bwana."

Aliinuka akaenda, nami nikamfuata. Alimbana kipaji cha uso. Alimtazama ulimi. Akamtia vidole kwapani, na bibi hakusema lolote, jambo ambalo lilinitisha kuliko yote.

"Huyu anakauka," muuguzi alisema. "Nani anampa maji?"

Aliyekuwa akimpa ni yule mhudumu mpya, kama alivyowapa wote wa upande ule. Tukamwita. Akasimama mlangoni, haingii, macho yake uani. Ndiyo, alipeleka maji. Ndiyo, kila mara. Anakunywa? Tukatazama: kikombe kilikuwa juu ya kigoda karibu na mlango, mbali na mkono wa mgonjwa, kimejaa, na sisimizi wawili wanaogelea.

Basi tukaanza kumrudisha. Muuguzi alikoroga maji ya sukari na chumvi, akayaonja kwanza kwa sababu, alisema, yasizidi machozi kwa chumvi. Tuliangua madafu. Tulimpikia uji mwepesi wa kunyweka. Siku ile na iliyofuata muuguzi alimnywesha mwenyewe kijiko kwa kijiko, maana mhudumu yule alienda kwao mapumzikoni. Jioni ya siku ya pili bibi alinitazama akasema shati langu linapumua kuliko mimi. Tukacheka. Tukadhani yamekwisha.

Mhudumu akarudi kazini, naye bibi akaanza tena kukauka.

Sasa muuguzi alishika jambo lake. Alimwona yule mtu anavyofanya. Alikuwa akifika mlangoni mwa bibi, anakohoa, anageuza uso, anaingiza mkono peke yake na kuweka kikombe kwenye kigoda, kisha anaondoka karibu mbio. Wazee wengine aliwakalia, akawashika bega, akacheka nao. Huyu mmoja alimtupia maji kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Na bibi naye, kila alipomsikia akikohoa, alivuta leso akafunika uso. Nilikuwa nimeliona jambo lile mara nyingi. Nilidhani ni nzi.

"Ni kinyaa," muuguzi aliniambia. "Anamwonea kinyaa kwa sababu ni mzito na ni wa kubebwa chooni. Na yeye bibi amejua, ndiyo maana anajifunika. Mtoe huyu, mwalimu. Nyumba hii haitaki mtu wa kuchagua wazee."

Nilisema nitalifikiria. Falsafa inampa mtu uwezo mkubwa sana wa kufikiria. Nilimwita mhudumu ofisini, nikamweleza habari za utu na usawa wa binadamu, maneno mazuri, mengine nilikuwa nimeyasahau tangu mtihani. Alisikiliza akitazama vidole vyake vya miguu. Nikamwambia, "Kama kuna jambo, niambie." Akasema hakuna. Akaomba radhi, akarudi kazini, na kikombe kikaendelea kubaki kwenye kigoda.

Muuguzi alimuuliza bibi pia, kwa upole, kama kuna mtu anayemtendea vibaya. Bibi alisema wote ni watoto wazuri. Kwa nini basi hanywi? "Nakunywa," alisema, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa Sabaki maji yakishuka. Muuguzi alimpa alichoweza kila alipopata nafasi, lakini alikuwa na wazee wengine, na wawili kati yao walikuwa wakiharisha. Bibi alikuwa akipokea kijiko, anayashika maji mdomoni, na mgongo wa muuguzi ukigeuka anayatema kwenye leso. Hilo tulilijua baadaye, tulipoifua.

Asubuhi moja yule mhudumu wa kike aliyebaki alikuja mbio barazani. Bibi alikuwa akizungumza na watu waliokufa zamani. Alikuwa akiwaambia waingize mahindi ndani, mvua inakuja. Usiku kucha hakuwa ameomba chooni, na shuka lilikuwa kavu. Muuguzi alimbana chini ya koo na ngozi ikasimama kama kunjo la nguo, ikakaa hivyo tukiitazama. Mshipa wa mkono wake ulikuwa ukikimbia kama moyo wa njiwa. Akajaribu kijiko kimoja cha maji. Yakatoka kando ya mdomo, kisha akapaliwa.

"Kwa kinywa haiwezekani tena," muuguzi alisema. "Hospitali. Atundikiwe maji, sasa hivi. Gari liko wapi?"

Gari, pikapu ya kamati, lilikuwapo kwa bahati. Dereva alilisogeza mpaka mlangoni. Muuguzi akamwita mhudumu mpya.

"Mshike mabegani. Mwalimu atashika miguu."

Alikuja mpaka kizingitini, akasimama. Akageukia uani, mgongo wake ukituelekea.

"Siwezi, sista."

"Huwezi nini?"

"Kumshika."

"Mkono umevunjika?"

"La."

"Basi ni kinyaa! Sema mbele ya watu wote. Mtu anakufa, na wewe umesimama hapo kama bwana harusi!"

Wazee walikuwa wamegeuka wote kututazama. Hata yule mtu wa Marereni alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Mhudumu alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na sauti yake ilitoka ndogo, ikielekea nje, kwa mchanga na jua.

"Ni mkwe wangu."

Akaendelea, bado akitazama nje:

"Mke wangu ni mtoto wa mdogo wake, tumbo moja. Huyu ni mama mkwe wangu. Ni mutsedza."

Muuguzi aliketi ukingoni mwa kitanda. Mwenyewe alikuwa mtu wa mji, lakini hakuna mtu wa pwani asiyejua mwiko huo wa ukwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, akikutana naye njiani huacha njia akaingia majanini. Kitanda cha mama mkwe hakigusi. Na sisi tulikuwa tumempangia, kwa shukrani kubwa, ambebe kifuani ampeleke chooni, nasi hatukuona kwamba bibi aliwangoja wanawake tu.

"Umejua tangu lini?" muuguzi aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza mbari akanijibu. Akanijua, nikamjua."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, sista? Ningesemaje? Nije ofisini niseme mama mkwe wangu anataka kwenda haja?"

Hapo nilielewa. Jambo lenyewe lilikuwa halitamkiki, na kulitamka ni sawa na kulitenda. Yeye alikaa kimya kwa heshima. Bibi naye alikuwa amefanya hesabu yake: asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni habebwi na mkwewe. Kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake, na kwa kustahiana huko maji yalikuwa yamekwisha mwilini mwake. Mimi na muuguzi tulikuwa tumezunguka jambo lile siku zote bila kuliona, ingawa mimi mwenyewe nikimwona mama mkwe wangu sokoni hujificha nyuma ya marobota ya mitumba. Lakini hawa walikuwa watu wasio na watu. Ndivyo tulivyoambiwa. Nani angemtafutia mkwe mtu asiye na watu?

"Toka," muuguzi alimwambia mhudumu, lakini sauti ilikuwa nyingine. "Nenda ukakae nyuma ya jiko, usione. Mwalimu!"

"Naam."

"Wewe ni nani wake?"

"Mjukuu."

"Basi mbebe mkeo."

Nilimbeba. Sitasema nilimbeba vizuri. Muuguzi alishika miguu, mhudumu wa kike akashika kiuno, nami nilishika kwapani, nikakanyaga leso, nikagonga kiwiko mlangoni, nikaingia garini kinyumenyume nikaketi na kichwa chake mapajani mwangu. Njia ile ya Malindi ilikuwa na mashimo yaliyokuwa yakijulikana moja moja. Alikuwa akinong'ona habari za mahindi. Nilimwambia yameshaingizwa yote. Nilirudia tena na tena, na kila niliporudia nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa haifai kwa kazi hiyo.

Hospitalini walimtafuta mshipa mkono huu na huu, mishipa yote imelala, mpaka muuguzi wetu akaomba sindano akautafuta mwenyewe. Chupa ikatundikwa kwenye msumari. Maji yakaanza kushuka, tone, tone. Daktari alisema kwa mtu wa umri ule hayakimbizwi, moyo utazama, na kwamba figo zikikataa kuamka hana la kuongeza. Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao hauna usingizi ndani yake. Muuguzi alikuwa akivuta tasbihi yake. Hatukulaumiana, hata hiyo ni kazi, na hatukuwa na nguvu nayo.

Nilirudi kesho yake mchana. Chupa ilikuwa nyingine. Chini ya kitanda kulikuwa na chombo, na ndani yake kulikuwa na mkojo. Mchache, lakini mwangavu. Sikuwahi kufikiria kwamba nitasimama siku moja mbele ya kitu kama kile nikahisi kutaka kupiga magoti. Bibi alikuwa amelala macho wazi. Alinitazama muda mrefu, toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu.

"Upara umezidi," alisema.

Nilitoka nje. Muuguzi alikuwa barazani anazungumza na wenzake wa zamani.

"Amesema nini?"

"Amenitukana."

"Alhamdulillahi," akasema, akajifuta uso kwa ukingo wa buibui.

Baadaye, alipopata nguvu ya kuketi, nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mumewe. Alisema angeniambia ningemfukuza yule mtu. Nilikataa. "Mngemfukuza," alisema. "Mngesema hafai, hawezi kubeba wazee wote. Na ana watoto. Wale ni wajukuu zangu, ati. Unadhani sina watu?"

Nilipomweleza mwenyekiti wa kamati, alishangaa sana, kisha akauliza kama hilo nalo ni falsafa. Muuguzi hakungoja kamati. Tangu hapo mtu akija kuomba kazi alimuuliza kwanza ameoa wapi, na akipata jibu alipita kitanda kwa kitanda akiuliza upande wa pili. Wazungu wawili waliotutembelea waliona ni maswali ya ajabu ya kumuuliza mfagiaji. Upande wa bibi yangu ukapewa yule mhudumu wa kike, maji na uji, na kazi ya kumbeba ikabaki kwangu mpaka yule mzazi aliporudi na mtoto wake mgongoni. Ilibaki kwangu kwa sababu ya mbari ya bibi mzaa mama, ambayo mpaka leo sina hakika kama niliitaja sawasawa.

Alirudi kutoka hospitali siku ya jua kali. Tulimkalisha kitandani. Muuguzi alimtia bakuli la maji ya mtungi mkononi, akafungua mdomo aanze habari za mbuzi, lakini bibi hakungoja mazungumzo. Alikunywa. Tuliona koo lake likipanda na kushuka, na wazee wa chumba kizima walikuwa wakitazama. Alimaliza akageuza bakuli, tone la mwisho likaanguka sakafuni.

"Ng'onda ametiwa mchuzini," yule mtu wa Marereni alisema.

Kisha bibi akanigeukia. "Haya, mume wangu. Usisimame hapo kama mwiko. Maji yakiingia yana njia yake."

Nikainama, nikamtia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, nikainuka kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Tukatoka kwa mlango wa nyuma. Tulipofika katikati ya njia ya mchanga, yule mkwewe akatokea upande wa jiko, amebeba kuni. Alipotuona aliacha njia palepale, akaingia kwenye majani makavu, akatupa mgongo. Bibi akavuta leso usoni. Nilitaka kupita.

"Simama," akaniambia kutoka ndani ya leso. "Utampita mtu bila salamu? Mwambie mkwe wangu hajambo?"

Nikauambia mgongo ule, "Anauliza hujambo."

"Mwambie mama, sijambo. Yeye je, ameamkaje?"

"Anasema hajambo. Anauliza umeamkaje."

"Mwambie salama. Mwambie watoto je? Na yule mdogo, kikohozi kimepoa?"

Jua lilikuwa utosini. Nilimpandisha tena kifuani, maana bibi, Mungu amrehemu, hakuwa amepungua kilo moja ya mifupa. Kikohozi kilikuwa kimepoa. Mke alikuwa hajambo. Mbuzi alikuwa amezaa. Ng'ambo ya Sabaki kulikuwa na mawingu, lakini hayakuwa ya kuaminika. Kila neno lilipita kwangu kwenda na kurudi, ingawa walikuwa wakisikiana vizuri sana, na kila nilipodhani wamemaliza waliuliza habari ya mtu mwingine. Hatimaye bibi alishika leso vizuri usoni.

"Mwambie mkwe wangu nimekunywa."

"Anasema amekunywa."

Yule mtu hakugeuka. Alihamisha kuni kutoka bega hili hadi bega lile, akakohoa.

"Mwambie mama," alisema, "ahsante."

"Anasema—"

"Nimesikia," bibi alisema. "Mimi si kiziwi. Twende basi, kabla hujaniangusha."